Mtangazaji ameondolewa uwanjani, sisi tunalilia sauti

Mwaka 2025 ulituondolea sauti mbili kubwa ndani ya miezi michache. Tarehe 7 Februari Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mkongwe wa Kenya, alifariki Nairobi, na tarehe 11 Mei akafuata Charles Hilary, mtu wa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) aliyepitia pia Radio One, Deutsche Welle, BBC na Azam. Tangu misiba hiyo, kila mpira wa redio unapomkera msikilizaji, maelezo ni yale yale: watangazaji wamezikwa, hawa waliobaki hawana sauti, hawana Kiswahili, wanapiga kelele tu. Nimeyasikia hapa Mwanza kwenye daladala za Igoma, nimeyasikia kwa wauza dagaa wa Kirumba Mwaloni, na kwa heshima yote ya marehemu naona hayagusi ugonjwa wenyewe. Vijana wenye sauti tunao, na Kiswahili chao kikipewa nafasi kinatiririka. Kilichobadilika ni mahali wanapokaa. Mtangazaji wa mpira wa redio ameondolewa uwanjani, akawekwa studio mbele ya televisheni, na kazi yake ya zamani ya kumwonyesha mpira mtu asiyeuona imegeuka kuwa mazungumzo juu ya picha ambayo msikilizaji hanayo.

Ili hoja hii ieleweke lazima tukumbushane kazi yenyewe ni ipi, kwa sababu tumezoea kuipima kwa namna goli linavyotangazwa, na goli ni sehemu ndogo sana ya dakika tisini. BBC ilipotangaza mechi ya kwanza ya ligi moja kwa moja, Arsenal na Sheffield United uwanjani Highbury tarehe 22 Januari 1927, jarida lake la ratiba lilichapisha mchoro wa uwanja uliogawanywa viboksi vyenye namba. Teddy Wakelam alisimulia, na sauti ya pili ikawa inataja namba ya kiboksi ambacho mpira umefika. Msikilizaji sebuleni aliweka kidole kwenye karatasi na kuufuata. Wakelam alipokuwa anaanza kazi hiyo, wakubwa zake walimweka karibu yake shabiki kipofu, wakamwambia amsimulie mtu yule. Sijui somo la utangazaji lililo bora kuliko hilo. Kipofu hana haja ya kuambiwa kwamba mpira ni mtamu. Anataka kujua uko wapi, anao nani, unaelekea lango gani, ngapi ngapi, na zimebaki dakika ngapi. Ukimpa hayo, utamu atauona mwenyewe.

Sisi hatukuchapishiwa viboksi, lakini tulikuwa na lugha iliyoumbwa kana kwamba ilijua redio inakuja. Sikiliza sentensi hii isiyo na jina hata moja: "Anao, anaupeleka, umempita, anaukimbilia, umetoka." Hakuna Mswahili anayepotea hapo. A ni ya mchezaji, U ni ya mpira, na upatanisho wa kitenzi unatosha kutuambia nani anakimbia na nini kimetoka nje. Mtangazaji anayelijua hilo anabakiza pumzi yake kwa majina pale tu jina linapobadilika. Angalia pia nyakati. Mpira ukiwa unatulizwa katikati ya dimba, kitenzi kinakaa kirefu: anatafuta mtu wa kumpa, anaurudisha nyuma. Ukikaribia kumi na nane, yaani eneo la penalti, ile NA inaanguka yenyewe: aingia, apiga, kipa aokoa! Na likishatokea la kutokea, KA inafika kabla ya kila kitu: kafunga! Mapigo ya moyo ya mchezo yamo ndani ya sarufi, hayahitaji kuongezewa king'ora. Halafu kuna mahali. Kiswahili kina pale, kule na mle, na kila moja lina kazi: pale penye sehemu mahususi, kule kwa mbali kusikopimika, mle ndani ya kitu. "Mle ndani ya kumi na nane" ni picha kamili kwa maneno sita. Watangazaji wa RTD, Ahmed Jongo na wenzake, walijenga jina wakiwa na vyombo hivi mdomoni na uwanja mbele ya macho, na wasikilizaji wao wengi hawakuwahi kukanyaga Dar es Salaam.

Sasa fuatilia matangazo mengi ya leo uhesabu neno "pale". "Anafanya kazi nzuri pale." "Mpira uko pale." "Wanajaribu pale kutengeneza." Pale wapi? Mtu anayetazama skrini anasema pale kwa sababu yeye anapaona, na kichwa chake kimesahau kwamba wa upande wa pili hapaoni. Simlaumu kijana anayesema hivyo. Ukimweka mtu mbele ya picha, ulimi wake unakuwa ulimi wa televisheni bila yeye kukusudia, kwa sababu televisheni haihitaji kuambiwa mpira uko wapi. Inahitaji maelezo ya pembeni: umri wa mchezaji, klabu aliyotoka, mabao yake msimu uliopita. Kwenye televisheni hayo ni kitoweo juu ya ugali. Kwenye redio, ugali ndio ulioondolewa.

Na si ulimi tu. Picha ya televisheni imechaguliwa na mtu mwingine. Mwelekezaji wa kamera akirudisha tukio la faulo, mtangazaji wa studio anasimulia faulo kwa mara ya pili wakati mpira umesharushwa na winga ameshaingia. Kamera ikimfuata kocha anayelalamika, hakuna anayejua kwamba beki wa kushoto amepanda na nyuma yake kuna shimo. Kipa aliyetoka langoni, mshika kibendera aliyenyoosha mkono kabla ya kipenga, mchezaji wa akiba anayevua koti la mazoezi, upepo wa ziwa unaougeuza mpira wa juu pale uwanja wa Kirumba kipindi cha pili kikiingia jioni: hayo yanaonwa na aliyekaa jukwaani. Aliye studio anaona alichopewa.

Kisha kuna suala la sekunde, ambalo naona halizungumzwi kabisa ingawa ndilo linaloniuma zaidi. Sauti ya redio ikitoka uwanjani kwa simu au mtambo wa kawaida na kurushwa hewani, inamfikia msikilizaji karibu papo hapo. Picha ya king'amuzi ina safari nyingine. Inapanda hadi setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu na kushuka, safari ambayo ni robo sekunde tu, lakini mitambo inayoibana na kuifungua inakula sekunde nyingine kadhaa. Ndiyo maana zamani shabiki aliweza kuingia uwanjani na redio ndogo ya betri sikioni, akaona goli na kulisikia kwa wakati mmoja, akajua pia jina la mfungaji ambaye yeye kutoka jukwaa la mzunguko hakumtambua. Ndiyo maana pia mwenye redio alishangilia kabla ya mwenye televisheni. Redio ilikuwa na faida hii moja ambayo hakuna chombo kingine kilichoweza kuinyang'anya: ilikuwa ya kwanza. Siku ilipoamua kuitazama televisheni ndipo isimulie, iliitupa faida hiyo kwa mkono wake. Leo ukiwa Kirumba na redio sikioni, goli unaloliona linafika hewani wakati wachezaji wameshaanza kushangilia, ingawa tangazo lilisema "moja kwa moja kutoka Kirumba".

Nitasimulia tukio langu moja tu. Jioni moja, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, tulikuwa upande wa Busisi tukisubiri kivuko. Pikapu iliyobeba mananasi ilikuwa imewasha redio, watu kama thelathini tumeizunguka, na mechi ilikuwa ikichezwa ng'ambo, Mwanza. Mtangazaji alizungumzia usajili wa dirisha dogo. Akasifu jezi. Akataja wadhamini, akatania na mwenzake, akasema mpira ni mzuri sana pale. Mzee mmoja mwenye kapu la samaki aliuliza, "Ngapi ngapi?" Hakuna aliyejua. Tukasubiri atuambie. Kivuko kikatia gati, magari yakaanza kushuka, bado hajatuambia. Kijana mmoja akatoa simu akampigia ndugu yake Mabatini: "Eti, ngapi ngapi?" Redio inanguruma hatua mbili kutoka aliposimama, na yeye anatumia vocha kuuliza matokeo ya mechi inayotangazwa na redio hiyo. Marekani, mtangazaji wa besiboli Red Barber aliweka mbele yake kichupa cha mchanga cha kupimia yai la kuchemsha, kile cha dakika tatu. Mchanga ukiisha anataja matokeo, anakigeuza, anaendelea. Alijua kuna mtu amewasha redio sasa hivi. Wa studio hajui hilo kwa sababu matokeo yameandikwa kwenye kona ya skrini yake tangu mwanzo hadi mwisho. Hajawahi kuyahitaji.

Wanaotetea mtindo huu wana hoja, na mojawapo ni nzito. Gharama. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara, na kituo kidogo chenye matangazo machache ya biashara hakiwezi kumsafirisha mtangazaji, mchambuzi na fundi mitambo kila mwisho wa wiki, kuwalaza na kuwalisha, kwa ajili ya dakika tisini. Ongeza haki za matangazo. Tangu Azam ilipotia saini mwaka 2021 mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya Ligi Kuu, mpira wetu umekuwa mali yenye bei, na mlango wa uwanja una mwenyewe. Ongeza pia hali ya viwanja: nimeona mtangazaji amekaa katikati ya mashabiki, jua la magharibi usoni, bila meza, akinong'onezwa namba za wachezaji na mtoto wa jirani. Anayesema kwamba mtu huyo angeona vizuri zaidi kwenye skrini hasemi upuuzi. Kuna mechi ambazo studio ndiyo njia pekee, na historia inamwunga mkono. Miaka ya 1930 Ronald Reagan, kabla ya filamu na kabla ya siasa, alikaa studio ya kituo cha redio cha WHO jimboni Iowa akitangaza mechi za Chicago Cubs kwa kusoma vipande vya telegrafu, na msikilizaji akajiona yuko uwanjani. Siku telegrafu ilipokatika, alimfanya mpigaji agonge mipira ya nje mmoja baada ya mwingine kwa dakika kadhaa, hadi waya uliporudi. Wengi huisimulia kama kisa cha ujanja. Mimi naona kinaonyesha mtangazaji asiye uwanjani anafikishwa wapi picha ikikata: ama anabuni, ama anaanza salamu.

Lakini hoja ya gharama inafunika jambo moja. Kwa nini mtangazaji wa mechi ya Mwanza atoke Dar es Salaam? Tangu sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango kwa redio binafsi, kanda hii imekuwa na vituo vyake, na Radio Free Africa ilionyesha kwamba sauti inayotoka Mwanza inaweza kusikilizwa nchi nzima. Kituo cha Mwanza kinaweza kusimama Kirumba na kumpa sauti mwenzake wa Mbeya, naye Mbeya akarudisha deni siku mechi ikiwa Sokoine, na Bukoba vivyo hivyo siku ya Kaitaba. Simu moja, vipokea sauti vya masikioni, mtu mmoja anayeujua uwanja. Haki zitazungumzwa, ni sawa, lakini zinazungumzwa pale tu kuna anayezitaka, na sijaona vituo vikizidai kwa nguvu zile vinazozitumia kudai matangazo ya biashara.

Hoja ya burudani sitaikalia muda mrefu. Ni kweli wasikilizaji wanapenda misemo na mbwembwe, hata mimi nazipenda, na Mbotela hakuwa mtu wa kusoma mpira kama taarifa ya hali ya hewa. Mbwembwe zake zilikuwa zinapanda juu ya mpira. Huwezi kupanda juu ya kitu ambacho hukukitaja.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi mijini, ni kwamba siku hizi hakuna anayesikiliza redio tupu: kila mtu ana simu janja, kila mtaa una kibanda umiza, kwa hiyo redio iwe kelele za kusindikiza tu. Anayesema hivyo hajasimama Kirumba Mwaloni jioni ya siku za giza, mwezi ukiwa haupo, akatazama mitumbwi ya dagaa ikitoka. Mechi ya saa 1 usiku inawakuta wavuvi hao wakiwa ziwani, taa zimewashwa juu ya maji, wanasubiri dagaa wapande. Mtandao unalegea kadiri nchi kavu inavyobaki nyuma, na chaji ya simu inatunzwa kwa dharura na kwa kumpigia mnunuzi alfajiri. Hakuna mwenye akili atakayeimaliza kwa kutazama mpira. Redio ya betri haina bando. Ukitoka ziwani, wapo kina mama wanaoanua dagaa Ukara na Kome, walinzi wa maghala, wachimbaji wadogo upande wa Geita, madereva ambao macho yao yana kazi nyingine, na wapo wasioona kabisa. Hata huyo wa kibanda umiza ana kiingilio cha kutafuta, na wa king'amuzi ana malipo ya mwezi. Hawa wote hawako pembezoni mwa mpira wetu. Katika mkoa huu ndio wengi wa wanaovaa jezi. Mpira unaotangazwa na mtu anayetazama skrini, kwa mtu anayedhaniwa ana skrini, unawaacha nje kwa mara ya pili.

Matokeo ya haya yanakwenda mbali kuliko ladha ya jioni moja. La kwanza: redio inayosimulia televisheni haiwezi kusimulia chochote ambacho televisheni haikukipiga picha. Pamba, TP Lindanda yetu, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini hadi ilipopanda tena mwaka 2024 ikiwa Pamba Jiji. Katika miaka yote ile ilicheza, ilifungwa, ilifunga, na walioifuata walikuwa watu. Timu ikishuka daraja kamera zinapungua, na chini zaidi hazifiki kabisa: ligi ya mkoa, mpira wa wanawake, netiboli, ndondo za Nyamagana. Hapo ndipo redio ilipaswa kuwa mfalme, maana inahitaji mtu mmoja na simu. Nawaza pia mbio za mitumbwi hapa Mwaloni, mchezo usio na mistari wala viboksi, ambapo mtangazaji lazima ajitafutie alama kwenye maji ili msikilizaji ajue nani yuko mbele na kwa urefu wa mitumbwi mingapi. Mtu aliyelelewa na skrini hataweza hata kuanza. Aliyejifunza kwenye mbio hizo ataumudu mpira wowote.

La pili linahusu riziki za watangazaji wenyewe, na wangelitazama mapema. Mwaka 2023 mashindano ya tenisi ya Wimbledon yalitumia akili mnemba kuweka sauti ya mtangazaji kwenye video za muhtasari. Mwaka 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris, jukwaa la Peacock la Marekani lilitumia sauti ya mtangazaji Al Michaels iliyotengenezwa na mashine kwa muhtasari wa kila siku. Kama kazi ya mtangazaji ni kuongea juu ya picha na takwimu, mashine tayari iko mlangoni, na itadai mshahara mdogo. Mashine haiwezi kukaa jukwaa kuu la Kirumba ikahisi upepo umegeuka, wala kumwona kipa anavyochechemea wakati kamera iko kwingine. Anayemtoa mtangazaji uwanjani ili kuokoa nauli anamwondolea kinga yake pekee.

Na AFCON ya mwaka 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Vituo vitajaza siku kwa neno "moja kwa moja". Ningependa mamlaka na wahariri wakubaliane angalau jambo moja dogo kabla ya hapo: anayetangaza kutoka studio aseme yuko studio, mwanzo wa kila kipindi, kama vile anavyotaja jina la kituo. Halina gharama. Msikilizaji ataamua mwenyewe amwamini kiasi gani, na kituo kilichomtuma mtu uwanjani kitalipwa sifa yake.

Kuhusu mafunzo, vyuo tunavyo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, kimefundisha wanahabari wengi, na uwanja wa Nyamagana hauko mbali, una mechi karibu kila wikiendi. Mpeleke mwanafunzi pale na wenzake wawili, yeye atangaze mechi. Mwenzake mmoja akae ameupa uwanja mgongo, akiwa na karatasi iliyochorwa uwanja na penseli, achore njia ya mpira kwa kusikiliza tu. Mwanafunzi wa tatu, anayeutazama uwanja, achore njia hiyo hiyo kwa macho. Dakika kumi zinatosha kwa mara ya kwanza. Wakishamaliza, waweke karatasi mbili mezani, halafu wabadilishane nafasi, wapulize kipenga, waanze tena.